Huruma ya Mungu kwa Mwamini Mwenye Sonona: Uchunguzi wa Simulizi ya Eliya na Maisha ya William Cowper

1.0 Utangulizi

Katika makanisa mengi ya Afrika Mashariki, mshirika anayekiri kwamba amepoteza hamu ya kuishi hupokewa kwa namna mbili. Wapo wanaomwombea, wakamshika mkono na kumsindikiza hadi nyumbani. Wapo pia wanaomuuliza ameficha dhambi gani. Namna hii ya pili haitokani na ukatili. Hutokana na fikra iliyozoeleka kwamba furaha ni tunda la Roho, hivyo asiye na furaha hana Roho. Hoja hiyo ikikubaliwa, mgonjwa hubeba mizigo miwili: ugonjwa wenyewe, na aibu ya kuonekana amemwacha Mungu, au Mungu amemwacha yeye.

Makala haya yanachunguza iwapo fikra hiyo ina msingi katika Maandiko na katika historia ya Kanisa. Yanaegemea visa viwili. Cha kwanza ni cha nabii Eliya katika 1 Wafalme 19. Cha pili ni cha mshairi Mwingereza William Cowper (1731–1800), ambaye mashairi yake huimbwa na Wakristo wa Kiswahili bila wengi wao kujua mtunzi alikuwa nani wala aliishi vipi. Visa hivi vimechaguliwa kwa sababu vinatofautiana katika jambo moja la msingi: Eliya aliinuka akaendelea na kazi, ilhali Cowper, kwa kadiri binadamu wanavyoweza kuona, hakupata nafuu ya kudumu. Mafundisho kuhusu huruma ya Mungu yanayomfaa Eliya peke yake hayajawafikia wagonjwa wote.

2.0 Suala la Istilahi

Kiswahili hakina neno moja lililokubalika kila mahali kwa ugonjwa huu. Wataalamu wa afya nchini Tanzania hutumia zaidi neno sonona, linalotokana na kitenzi chenye maana ya kuumia moyoni kwa huzuni. Vyombo vya habari vya Kenya hupendelea unyogovu. Wengine husema mfadhaiko, neno ambalo hubeba pia maana ya wasiwasi na mshtuko. Katika mazungumzo ya kila siku, hata hivyo, mtu hasemi ana sonona. Husema ana mawazo, moyo ni mzito, au mwili hauna nguvu. Wengi hufika zahanati wakilalamikia kichwa, mgongo na kukosa usingizi, na huondoka na dawa za maumivu.

Jambo hili lina athari katika uchungaji. Neno mawazo huashiria kwamba mtu anawaza kupita kiasi, na kwa hiyo tiba yake ni kuacha kuwaza. Kitabibu, sonona ni hali inayodumu kwa muda usiopungua majuma mawili, ambapo mtu huwa na huzuni au hukosa raha karibu siku nzima, karibu kila siku. Huandamana na mabadiliko ya usingizi na hamu ya chakula, uchovu, kushindwa kutuliza akili, kujiona hafai, na wakati mwingine kutamani kufa. Shirika la Afya Duniani lilikadiria mwaka 2023 kwamba watu wapatao milioni 280 duniani walikuwa na hali hii. Kumwambia mtu wa namna hiyo aache kuwaza ni sawa na kumwambia mwenye malaria aache kutetemeka.

Biblia ya Kiswahili ya Union Version ina msamiati wake. Katika Zaburi ya 42 na ya 43, nafsi ya mwimbaji inaelezwa kwa kitenzi kuinama. Ni tafsiri nzuri kuliko inavyodhaniwa, kwa sababu kuinama si kuanguka wala si kuasi. Mti huinama kwa uzito ulio juu yake.

3.0 Eliya Chini ya Mretemu

Wahubiri wengi hupenda sura ya 18 ya 1 Wafalme, ambapo moto unashuka juu ya mlima Karmeli. Sura ya 19 huhubiriwa kwa nadra, na inapohubiriwa hukimbiliwa sauti ndogo ya utulivu. Yanayotangulia hurukwa, nayo ndiyo yenye uzito kwa suala hili.

Baada ya tisho la Yezebeli, Eliya anakimbilia Beer-sheba na kumwacha mtumishi wake huko. Anaingia jangwani mwendo wa siku moja peke yake, anaketi chini ya mretemu na kumwomba Mungu atwae roho yake, kwa kuwa yeye si mwema kuliko baba zake. Kisha analala. Si busara kumpima nabii wa karne ya 9 K.K. kwa vigezo vya hospitali ya leo. Pamoja na hayo, mambo yaliyorundikana hapa yanafahamika kwa yeyote aliyewahi kukaa na mgonjwa wa sonona: kujitenga na wa karibu, kujiona bure, kuchoka na kutamani kufa. Inafaa kuangaliwa pia kwamba hali hii inamjia mtu aliyetoka kwenye ushindi mkubwa kuliko wote wa utumishi wake. Haikungoja imani yake ipungue.

Mungu anafanya nini? Hatua ya kwanza si neno la kukemea wala la kufundisha. Malaika anamgusa na kumwambia ale. Kichwani pake pana mkate uliookwa juu ya makaa na chombo cha maji. Eliya anakula, anakunywa, na analala tena. Hapo msomaji aliyezoea mahubiri ya ushindi angetazamia malaika amkemee kwa kurudi kulala. Malaika hafanyi hivyo. Anarudi mara ya pili, anamgusa tena, anamwambia ale kwa kuwa safari ni kubwa kuliko nguvu zake. Sababu inayotolewa na mjumbe wa Mungu ni udhaifu wa mwili wa nabii, na udhaifu huo unatajwa bila lawama yoyote.

Baada ya siku arobaini Eliya yuko pangoni Horebu. Anaulizwa anafanya nini huko. Anajibu kwamba amejitahidi kwa ajili ya Bwana, kwamba Israeli wameliacha agano na kuwaua manabii, na kwamba amebaki yeye peke yake. Dai hili la mwisho si sahihi, na Eliya analijua. Katika sura iliyotangulia Obadia alimwambia kwa kinywa chake kwamba alikuwa amewaficha manabii mia moja mapangoni na kuwalisha. Taarifa hiyo imefutika. Ndivyo sonona inavyofanya kazi: humfanya mtu asione tena kile anachokijua, bila kukusudia kusema uongo.

Kisha unapita upepo, tetemeko, moto, na mwisho ile sauti ya utulivu. Eliya anaulizwa swali lilelile, naye anajibu kwa maneno yaleyale. Aya ya 10 na ya 14 zinalingana. Mtu amekutana na Mungu uso kwa uso, na malalamiko yake hayajabadilika hata neno moja. Wafasiri kadhaa wameliona hili kuwa kushindwa kwa nabii. Kwa mtazamo wa makala haya, hapo ndipo kiini cha simulizi kilipo. Mungu hamwambii kwamba tukio la kiroho la namna ile lingepaswa kumponya papo hapo. Anamsikiliza mara ya pili kama alivyomsikiliza mara ya kwanza, kisha anampa kazi yenye kipimo, anampa mwenzake, Elisha, na anamwambia kwamba wapo elfu saba ambao hawakumpigia Baali magoti. Marekebisho ya fikra yake yanakuja mwisho kabisa, baada ya chakula, usingizi, safari na kusikilizwa.

Eliya hayuko peke yake. Ayubu na Yeremia wote wanailaani siku ya kuzaliwa kwao, na kwa Yeremia laana hiyo inafuata mara baada ya wito wa kumsifu Bwana, katika sura ileile ya 20. Zaburi ya 88 inaanza kwa kumwita Mungu wa wokovu na inaishia gizani bila zamu ya sifa ambayo zaburi nyingine za maombolezo huwa nayo. Waliokusanya zaburi hawakuiongezea mwisho wenye faraja. Waliiacha ilivyo, waumini wakaiimba.

4.0 Maana ya Rehema

Msomaji wa Kiswahili ana faida ambayo wasomaji wa lugha nyingi hawana. Neno rehema limetoka Kiarabu, katika mzizi uleule wa Kisemiti unaozaa neno la Kiebrania rahamim, yaani huruma, na rehem, yaani tumbo la uzazi. Kwa hiyo anayeimba kuhusu rehema za Bwana anatumia neno lenye undugu na lile la manabii. Wahenga walisema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na Isaya 49 inakwenda njia hiyohiyo inapomlinganisha Mungu na mama anyonyeshaye.

Katika Injili, kitenzi cha Kiyunani kinachotumika Yesu anapowahurumia watu kinahusu sehemu za ndani za mwili. Ni huruma inayosikika tumboni. Tena Marko 14 inamwonyesha yeye mwenyewe katika bustani ya Gethsemane akisema kwamba ana huzuni nyingi kiasi cha kufa, na kuwaomba rafiki watatu wakeshe naye. Ikiwa huzuni ya namna hiyo ni ushahidi wa kukosa imani, hoja hiyo inamgusa Kristo kwanza kabla ya kumfikia mshirika yeyote.

5.0 Lawama Ilitoka Wapi?

Fikra ya kumlaumu mwenye huzuni ina historia ndefu. Evagrius wa Ponto, mmonaki wa karne ya 4 aliyeishi katika jangwa la Misri, aliorodhesha mawazo manane yanayomshambulia mtawa, miongoni mwayo huzuni na ule uchovu wa roho ulioitwa akedia. Evagrius alikuwa akiwaandikia watu waliopambana kila siku na upweke wa chumba kidogo, na aliyaeleza mapambano hayo kwa upole wa tabibu. Orodha hiyo ilipofika Magharibi kupitia Yohane Cassian, kisha Papa Gregori Mkuu, ilielekea kuwa orodha ya dhambi. Kilichokuwa maelezo ya mateso kikawa mashtaka.

Aliyejiua alitendewa kwa ukali zaidi. Kanuni za Kanisa Katoliki za mwaka 1917 ziliwataja waliojiua kwa makusudi miongoni mwa wanaonyimwa maziko ya kikanisa. Kanuni za mwaka 1983 hazikuwataja tena, na Katekisimu ya mwaka 1992, bila kukihalalisha kitendo chenyewe, inakiri kwamba matatizo mazito ya akili hupunguza wajibu wa mtendaji, na inawataka waamini wasikate tamaa kuhusu wokovu wa waliokufa hivyo. Badiliko hili halijafika kila kigango. Bado zipo familia zinazozika usiku usiku, bila kengele, na bila mchungaji kando ya kaburi.

Marafiki wa Ayubu ni kielelezo cha kosa hili kabla ya historia hiyo yote. Siku saba za kwanza walikaa naye chini bila kusema neno, na hapo walimfaa. Waliharibu walipoanza kueleza sababu. Katika sura ya 42 hasira ya Mungu inawaka juu yao, waliomtetea Mungu, na si juu ya Ayubu aliyemlalamikia.

6.0 William Cowper: Mwamini Asiyepona

Utenzi unaohusu chemchemi ya damu ya Imanueli umo katika Tenzi za Rohoni na huimbwa sana wakati wa Pasaka na Meza ya Bwana. Mtunzi wake alifiwa na mama akiwa na umri wa miaka 6. Mwaka 1763, alipokuwa akikabiliwa na usaili kwa ajili ya kazi ya ukarani katika Bunge la Malodi, alishikwa na hofu iliyompeleka kwenye jaribio la kujiua, akalazwa katika nyumba ya wagonjwa wa akili ya daktari Nathaniel Cotton mjini St Albans. Cotton alikuwa tabibu mpole na Mkristo. Ni katika nyumba ile Cowper alipopata imani iliyo hai, mwaka 1764.

Kama maisha yake yangeishia hapo, yangekuwa ushuhuda wa kawaida. Aliishi na familia ya Unwin, na mwaka 1767 alihamia Olney pamoja na mjane Mary Unwin, mahali ambapo John Newton, aliyekuwa nahodha wa meli za watumwa kabla ya kuwa mchungaji, alihudumu. Wawili hao waliandika kitabu cha nyimbo kilichochapishwa mwaka 1779, chenye nyimbo 348, ambamo zaidi ya 60 ni za Cowper. Lakini mchango wake ulikwisha kukatizwa. Januari 1773 ugonjwa ulirudi. Katika ndoto alisadiki kwamba amesikia hukumu ya kuangamia kwake. Tangu wakati huo hadi kufa kwake mwaka 1800, kwa vipindi vya nafuu na vya giza, hakuacha kuamini kwamba Mungu yupo na ni mwema kwa wengine, na kwamba yeye mmoja ametengwa. Hakurudi kanisani.

Kisa hiki kinaleta swali gumu kuliko la Eliya. Huruma ya Mungu ina maana gani kwa mtu ambaye haihisi na hataihisi? Jibu la haraka ni kwamba hakuwa ameokoka kweli. Jibu hilo lingewalazimu wanaolitoa waache kuimba nyimbo zake. Jibu la pili ni kwamba huruma ilikuwa ikimngoja baada ya kifo tu. Hilo linaweza kuwa kweli kwa imani, ila linairuka miaka 27.

Mambo yaliyotendeka Olney yanaelekeza kwingine. Cowper alipoanguka mwaka 1773, Newton na mkewe walimpokea nyumbani kwao, akakaa kwa zaidi ya mwaka mmoja. Kwa vipimo vya kawaida vya ukarimu wa kichungaji, huo ni muda mrefu mno, na kwa kuwa hakupona Newton angeweza kuuhesabu umepotea bure. Mary Unwin aliendelea kumtunza kwa miongo miwili zaidi, na ndiye aliyemhimiza arudie kuandika. Akajishughulisha na bustani, useremala na kufuga sungura, akawa mmoja wa washairi waliosomwa sana Uingereza katika zama zake, na mwaka 1788 aliandika mashairi ya kupinga biashara ya watumwa. Mtu aliyejiona amefungiwa nje ya rehema aliwaombea rehema Waafrika waliofungwa ndani ya meli.

Paulo anatoa ufunguo mmoja. Katika 2 Wakorintho 7 anasema kwamba Mungu awafarijiye walioinama alimfariji yeye kwa kuja kwake Tito. Hakufarijiwa kwa maono, bali kwa mtu aliyefika mlangoni na vumbi la safari. Huruma iliyomfikia Cowper ilichukua sura hiyo hiyo: ilikuja kama Cotton, kama Mary Unwin, kama chumba katika nyumba ya mchungaji. Yeye hakuitambua kuwa ya Mungu. Kutoitambua ilikuwa dalili ya ugonjwa wake, na dalili ya mgonjwa haiwezi kuwa kipimo cha alichopewa.

7.0 Kanisa, Tiba na Siri ya Mgonjwa

Katika milima ya Usambara ipo hospitali ya Lutindi, iliyoanza mwaka 1896 kama makao ya watoto waliokombolewa utumwani, na mwaka 1904 ikageuzwa kuwa mahali pa kuwatunza wagonjwa wa akili. Huduma hiyo ya Kilutheri ilitangulia hospitali nyingi za serikali katika ukanda huu. Kwa hiyo dai kwamba tiba ya akili ni jambo geni kwa Ukristo wa Afrika Mashariki halina msingi wa kihistoria.

Hata hivyo, mgongano upo katika mambo madogo ya kila siku. Dawa za sonona, mathalani fluoksetini na amitriptilini ambazo zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, huchukua majuma kadhaa kabla ya kuleta nafuu. Katika majuma hayo mgonjwa husikia maudhi ya dawa bila kuona faida yake. Ni wakati huohuo ambapo akiambiwa kwamba vidonge ni ishara ya kutomwamini Mungu, ataviacha. Wengine huviacha baada ya kupata nafuu, kama ushuhuda wa kuponywa, na ugonjwa hurudi. Mchungaji anayeagiza dawa iachwe amefanya kazi ya tabibu bila kuwa tabibu, na gharama ya kosa hilo hailipwi naye.

Suala la mfungo nalo linahitaji uangalifu. Kumwagiza mfungo wa siku nyingi mtu ambaye tayari hali na halali ni kwenda kinyume cha utaratibu wa malaika jangwani, ambaye alileta mkate kwanza. Maombi yanaweza kuwa ya jamaa na wazee wa kanisa wanaofunga kwa niaba yake, naye akila.

Liko pia suala la sheria na siri. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania inahesabu jaribio la kujiua kuwa kosa. Nchini Kenya, Mahakama Kuu ilitamka Januari 2025 kwamba kifungu cha aina hiyo kinakwenda kinyume cha Katiba. Mahali ambapo mtu aliyejaribu kujiua anaweza kufikishwa polisi, mchungaji au mama wa kanisa huwa mtu wa kwanza, na pengine wa pekee, kuambiwa. Mambo hayo yakitangazwa madhabahuni kama ombi la jumla, hata bila kutaja jina, mtaa mzima hutambua. Anayeambiwa anapaswa kuuliza waziwazi kama mtu huyo anafikiria kufa. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo, kinyume na hofu iliyoenea. Akijibiwa ndiyo, asimwache peke yake usiku huo. Amsaidie kuondoa karibu vitu vinavyoweza kumdhuru, amwite jamaa anayeaminiwa na mgonjwa mwenyewe, na asubuhi wafuatane naye hospitali, wakae naye kwenye benchi hadi atakapoitwa.